Risala ya kikundi cha waganga wa tiba asili na wakulima wa miti dawa, Wilaya ya Chamwino, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, 31 Agosti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa chama na serikali, viongozi wa dini, wazee wetu wa mila, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama. Tunajua ratiba yako imebana, na vumbi la Agosti halikukurudisha nyuma. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu kilianza mwaka 2016 kikiwa na wanachama 9, chini ya mkungugu ule ulio nyuma ya jukwaa. Leo tuko 31, wanawake 19. Tuna katiba, akaunti ya benki na kitalu cha miche 400 ya mlonge, mwarobaini na mshubiri ambacho hakikauki hata kiangazi. Tumeshiriki maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni mara mbili, na cheti chetu cha ushiriki umekiona ukutani. Wateja wametufuata kutoka Singida na Morogoro, hivyo tunatamka kwa fahari kwamba dawa zetu zimeshavuka mipaka ya mkoa.

Changamoto tunazo nyingi: uzio wa kitalu, tangi la maji, pikipiki. Kikao cha Jumapili kimeamua tusizisome leo. Tunalo jambo moja tu, nalo ni kupimwa kwa dawa zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwaka jana mama mmoja mwenye kisukari alikunywa dawa yetu ya majani huku akiendelea na vidonge vya hospitali. Akaishiwa nguvu, akalowa jasho, tukamkimbiza zahanati kwa baiskeli. Mungu alisaidia, akapona. Lakini tabibu wa zamu alituuliza swali la haki kabisa: "Ndani ya chupa hii mna nini, na mgonjwa amekunywa kiasi gani?" Hatukuwa na jibu. Mzee wetu aliyeitengeneza dawa ile ana uzoefu wa miaka 40, na siku hiyo alisimama pale mlangoni ameinamisha kichwa. Hatutaki kumwona tena akisimama vile.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 inatutambua, na Baraza letu lipo. Lakini ili dawa yenyewe isajiliwe, iende dukani na iaminike kwa tabibu, lazima ipite maabara. Hapo ndipo tulipokwama.

Kijana wetu mmoja aliyesomea mambo ya maabara ametufafanulia kazi yenyewe, na tunaomba tuieleze kidogo ili ionekane kwamba tunajua tunachokiomba. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye maji au spiriti, kisha huchujwa na kukaushwa hadi kibaki kiini chake. Kiini hicho huwekwa kwenye sahani yenye bakteria, pembeni yake dawa ya hospitali inayojulikana, na pembeni tena spiriti tupu, ili isije ikadhaniwa jani limeua vijidudu kumbe ni spiriti. Panapobaki duara safi, hupimwa kwa milimita. Lakini duara safi halitoshi. Kinachoua bakteria kwenye sahani kinaweza pia kuumiza ini na figo za mtu, kwa hiyo sumu nayo hupimwa, na kiwango cha kunywa hutafutwa.

Wenzetu wa China walifuata njia hiyo. Mama Tu Youyou na wenzake walijaribu mimea mingi dhidi ya malaria, na mmea mmoja ukawa unafanya kazi leo, kesho haufanyi. Aliporudia maandishi ya kale akaona mgonjwa alielekezwa kuloweka mmea kwenye maji na kuukamua, hakuambiwa auchemshe. Akapunguza moto katika ukamuaji, dawa ikapatikana, nayo ndiyo mama wa dawa mseto tunayopewa zahanati leo. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Bibi zetu hapa nao wana jani wanalosema "usilipashe moto, liloweke usiku kucha". Je, nani amewahi kuwauliza kwa nini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa heshima zote, ombi hili si jipya. Mwaka 2021 mgeni rasmi wa siku hiyo aliahidi, mbele ya umati kama huu, kwamba sampuli zetu zitapimwa kabla ya mvua. Tulimpigia vigelegele. Sampuli zilichukuliwa. Tulipofuatilia baada ya miezi minne tulirudishiwa vifurushi vilevile kutoka kabatini, vimeota ukungu, na uzi tuliofungia haujafunguliwa. Mwaka 2023 mgeni mwingine alisema wataalamu watafika ndani ya siku 30. Tukateua wazee wa kuwapokea, akina mama wakatenga kuku. Majukumu ya viongozi wetu ni mengi na hatuji kulaumu. Ila tangu ahadi ya kwanza wazee wetu wawili wamefariki, waliojua mti wa umri gani unafaa, gome la upande upi na mwezi gani. Mengine wameondoka nayo.

Kwa hiyo tunaomba dawa zetu tatu zipimwe usalama na uwezo wake kwenye maabara inayotambuliwa na serikali, mwaka huu. Tumechanga shilingi 870,000, ziko benki. Makisio ya gharama yameambatanishwa na risala hii. Tunaomba utuongezee kilichopungua. Tunaomba pia, ikikupendeza, utakaposimama kujibu umtaje kwa cheo ofisa atakayezipokea sampuli na tarehe ya kuzipokea, nasi tutaandika kwenye daftari. Majibu yakisema dawa fulani ni sumu, tutaacha kuitoa siku hiyohiyo. Tumeandika hivyo kwenye muhtasari wa kikao na wanachama wote 31 wamesaini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Vifurushi vitatu viko mezani mbele yako, kwenye karatasi ya kaki, vina jina la mmea, mahali ulipochumwa na tarehe ya juzi. Vimekauka vizuri. Tunaomba visilale hapa leo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama