Barua kwa mdogo wangu wa Ngamiani: ile jeli na lile jiwe la shabu

Mdogo wangu,

Juzi ulipofungua pochi kutafuta chenji nilikiona kile kichupa cha jeli, na jiwe la shabu ulilolifunga kwenye gazeti. Ukasema muuzaji amekuhakikishia kuwa ukijipaka, virusi havikugusi. Nilinyamaza kwa sababu wifi alikuwepo.

Jeli ya kuzuia VVU imetafutwa kweli. Mojawapo, iitwayo PRO 2000, ilijaribiwa mpaka Mwanza. Majibu yakatoka 2009, haikukinga. Maabarani ilikuwa inavizuia virusi vizuri, lakini ilipopimwa ndani ya shahawa nguvu ilipungua sana.

Chukua maji ya ndimu utie magadi. Yatafanya povu, na ukionja, ukali umekwisha. Ute wa uke wako una ukali kama huo, na ndio ulinzi wako. Shahawa zikiingia zinauzima. Tena mwaka 2007 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walikuta kwenye shahawa vinyuzi vinavyonasa virusi na kuvigandisha kwenye seli. Mwaka 2014 wakachanganya dawa kadhaa za kupaka na shahawa: nyingi zililegea. Maraviroc ilibaki imara, maana yenyewe hukaa kwenye mlango wa seli, haihangaiki na kirusi.

Ila linaloniuma hasa ni shabu. Jeli ya tenofovir, Afrika Kusini, mwaka 2010 ilionekana kupunguza maambukizi kwa asilimia 39. Ute wa wanawake walioijaribu ulipochunguzwa upya, majibu ya 2017 yalionyesha kuwa waliojaliwa bakteria wazuri walikingwa kwa asilimia 61, waliowakosa 18 tu, kwa kuwa kuna bakteria wengine wanaoila ile dawa. Na wewe hao wazuri ndio unaowasugua kwa shabu na kuwamwaga kwa sabuni kila usiku! Najua ni somo, kungwi wetu, aliyekufundisha. Hata mimi alinifundisha, na nampenda, lakini hapa hakujua.

Kondomu inazuia shahawa zisikufikie kabisa. Mwenzio akigoma, kuna vidonge vya dawa kinga. Unapimwa kwanza, kisha unameza, na kinga inapita kwenye damu. Uke uoshe kwa nje, kwa maji tu.

Jumamosi napanda basi la asubuhi kutoka Pangani, twende wote kliniki. Jiwe la shabu usilitupe, niwekee. Maji ya kisima chetu yana tope siku hizi.

Dada yako