Barua ya Wazi kwa Waliompa Abimeleki Fedha

Wanangu katika Kristo,

Bwana Yesu asifiwe. Salamu nitazifupisha, maana nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika.

Nimeshuhudia uchaguzi wa viongozi katika kanisa moja, na niliyoyaona sikuyategemea kwa watu wanaoshiriki meza moja ya Bwana. Vikundi vya maombi viligeuka kambi za kampeni. Simu zilipigwa usiku: "Huyu ni wa kwetu, tusimwangushe." Bahasha zilipita mikononi mwa watu walewale wanaopitisha vikapu vya sadaka Jumapili. Mshindi alipotangazwa, vigelegele vilipaa na kila mtu akasema Bwana ametenda. Haikupita muda, waliopiga vigelegele wakaanza kunijia mmoja mmoja wakinong'ona: "Mzee, tuombee. Huyu mtu hashauriki. Ukimhoji anakuvua huduma."

Nitawaombea. Lakini kwanza fungueni Waamuzi sura ya 9, maana habari zenu zimo humo.

Gideoni, aliyeitwa pia Yerubaali, alipowashinda Wamidiani, Waisraeli walimwomba awatawale. Alikataa. Alisema si yeye wala mwanawe, bali BWANA ndiye atakayewatawala. Alikuwa na wana 70 kwa wake zake wengi, na tena Abimeleki, aliyezaliwa na suria wake wa Shekemu. Baba alipokufa, Abimeleki hakwenda kuomboleza. Alikwenda Shekemu kwa wajomba zake, akawatuma wawaulize wenyeji: lipi bora kwenu, mtawaliwe na watu 70 au na mmoja? Akaongeza kwamba yeye ni mfupa wao na nyama yao.

Hebu tazameni ujanja huo. Sura hiyo haisemi popote kwamba wale 70 walikuwa wakitaka kutawala. Aliwatengenezea watu hofu, kisha akajileta kuwa dawa yake. Na watu wa Shekemu walijibu nini? Walisema, ni ndugu yetu. Basi. Hakuna aliyeuliza kama anamcha Mungu, wala amewahi kumtumikia nani, wala ana hasira za namna gani. Undugu ulitosha.

Wakachota vipande 70 vya fedha katika nyumba ya Baal-berithi, mungu wao, wakampa. Fedha 70, ndugu 70. Pigeni hesabu wenyewe mjue damu ya kila mmoja ilikwenda kwa kipande kingapi. Kwa fedha hizo akakodi wahuni, akaenda Ofra nyumbani kwa baba yake, akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Aliyeokoka ni Yothamu peke yake, kitinda mimba, kwa kuwa alijificha.

Na Shekemu haikuwa mahali pa watu wasiomjua Mungu. Ni hapohapo Yoshua alipowakusanya makabila yote na kutamka kwamba yeye na nyumba yake watamtumikia BWANA, watu wakaahidi hivyohivyo, naye akasimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni liwe shahidi. Abimeleki alitawazwa chini ya mwaloni hukohuko Shekemu. Ninyi mnaoniambia kwamba kanisa lenu lina historia ndefu, lisomeni hilo mara mbili.

Wahubiri wengi wakifika hapa humshambulia Abimeleki. Mimi nawashambulia Washekemu. Mwenye uchu wa madaraka akikosa mfadhili na mpiga debe, atabaki na uchu wake nyumbani, aisumbue familia yake tu. Ninyi ndio mliompa miguu. Mlijua ana kiburi, mkasema "atabadilika akikaa kwenye kiti." Mlijua bahasha imetoka wapi, mkaipokea na kuiita baraka. Leo mnalia mbele yangu kana kwamba mtu huyo aliwashukia kutoka mawinguni! Wala tusiseme ugonjwa huu tumeambukizwa na wanasiasa. Wanunua kura tunaowalaani mitaani ndio tunaowapa kipaza sauti madhabahuni wakija na mchango, na wengi waliowachagua tumewabatiza sisi.

Yothamu alipanda juu ya mlima Gerizimu, mlima uliowekwa kwa ajili ya kutamkia baraka, akawapigia kelele mfano wa miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kuacha mafuta yake, mtini utamu wake, mzabibu divai yake. Mti wa miiba ukakubali, ukawaalika miti mingine wapumzike chini ya kivuli chake. Kivuli gani, cha miiba? Nakiri mfano huu hunipa shida kidogo, maana nawajua wazeituni wengi makanisani, watu safi wanaotumia kazi zao njema kuwa kisingizio cha kutowajibika, halafu wanalalamika kuwa miiba inachoma. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Abimeleki alitawala miaka 3. Mungu akapeleka roho mbaya kati yake na walewale waliomweka, wakamfanyia hila, wakamshangilia Gaali mwana wa Ebedi, mgeni aliyeingia mjini, kama walivyokuwa wamemshangilia yeye. Abimeleki akarudi, akaubomoa mji na kuupanda chumvi. Watu wa mnara wa Shekemu, wapata 1,000, wanaume kwa wanawake, walikimbilia ngome ya nyumba ya mungu wao. Akakata tawi la mti, akawaamuru askari wake wafanye hivyohivyo, wakaichoma ngome pamoja na waliomo. Fedha ilitoka kwenye nyumba ya mungu wao, na moto ukawafuata kwenye nyumba ya mungu wao. Mchuma janga hula na wa kwao.

Yeye mwenyewe alikwenda mji wa Tebesi kufanya yaleyale, na mwanamke mmoja, ambaye jina lake hatukupewa, akamwangushia jiwe la kusagia akampasua kichwa. Hata hapo hakutubu. Alimwomba mchukua silaha wake amuue, watu wasije wakasema ameuawa na mwanamke. Vizazi baadaye, Yoabu, jemadari wa Daudi, anapomtumia mfalme wake habari za vita, bado anakumbuka kuwa Abimeleki aliuawa na mwanamke.

Yako na mengine, nitayataja tu. Gideoni alikataa ufalme lakini akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, ya dhahabu iliyokuwa mtego kwa nyumba yake. Zebuli alikuwa msimamizi wa mji wa Shekemu na wakati huohuo mpelelezi wa bwana wake Abimeleki. Watumishi wa wababe huishia kukata matawi bila kuuliza ni ya nini.

Nawe kijana unayetamani uongozi, sikukatishi tamaa. Paulo anamwambia Timotheo kuwa anayetaka kazi ya askofu atamani kazi njema. Kazi, mwanangu. Ingia mahali ambapo hakuna anayekupigia picha, kaa na wagonjwa, fagia ukumbi, kosolewa na mtu mdogo kuliko wewe unyamaze. Baada ya hapo njoo tuzungumze habari za kiti.

Ninyi mnaonong'ona mlangoni kwangu, njooni pamoja na mchana. Kila mmoja aje na kiasi alichopokea ndani ya bahasha ile, tukirudishe mbele ya mkutano mzima wa washirika. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Mkishakirudisha, nitasimama nanyi kumkabili kiongozi wenu ana kwa ana.

Mzee wenu katika Bwana