Mmevunja Kadi Yangu, Kisha Mkaandika ni Mimi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: ADAPTA YA DVI KWENDA VGA, NA KADI YA MICHORO ILIYOHARIBIWA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo isiniponyoke kabla sijamaliza barua hii.

Sera yenu ya kurejesha bidhaa mnaijua wenyewe; mmeibandika ukutani nyuma ya kaunta. Ninayoyalalamikia yametendeka chini ya bango hilo hilo. Nilikuja na kadi yangu ya michoro, ile inayotoa picha za kompyuta, kurudisha adapta mliyoniuzia ya kuunganisha tundu la picha la DVI la kadi hiyo na tundu la picha la VGA la skrini yangu.

Fundi wenu alichukua adapta hiyo, akajaribu kuiingiza kwenye tundu la kadi yangu, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma tena. Nikamwambia, "Samahani kaka, hebu subiri, matundu hayalingani." Akanijibu bila hata kuniangalia: "DVI ni DVI." Kisha akaikandamiza kwa kiganja, kwa nguvu zote. Ikalia ka! Pini mbili zikalala, tundu zima likalegea kwenye bodi ya kadi. Halafu akavuta fomu ya kurejesha bidhaa akaandika: "Mteja amelazimisha."

Hapana, DVI si moja. Tundu la kadi yangu ni DVI-D, linalotoa ishara za dijitali peke yake. Adapta mliyonipa imetengenezwa kwa ajili ya DVI-I, na ndiyo maana ina pini 4 za ziada, mbili juu na mbili chini ya ile pini bapa. Hizo ndizo zinazobeba ishara za analojia ambazo VGA inazihitaji. Kwenye DVI-D vitundu hivyo 4 havipo, ni plastiki tupu. Pini zitaingia wapi? Na hata kama zingeingia, skrini ingebaki nyeusi, kwa sababu adapta ya namna hiyo haina saketi ya kubadilisha chochote; inapitisha tu kile ambacho kadi imetoa, na kadi hii haitoi analojia kabisa. Fundi aliivunja kwa kulazimisha jambo ambalo lisingewezekana.

Nilichohitaji ni kibadilishi chenye saketi ndani yake, kinachopokea ishara za dijitali kutoka tundu la HDMI au la DisplayPort na kuzigeuza kuwa za VGA. Kadi yangu ina matundu yote hayo mawili. Siku ya kununua niliwaonyesha kwenye simu picha ya nyuma ya skrini yangu, yenye VGA tu, na picha ya kadi. Muuzaji alizitazama zote mbili, akaniambia hii ndiyo yenyewe. Nilimwamini, maana kazi hiyo ni yake.

Nyumbani nilijaribu mara moja, nikaona haiingii, nikaacha. Sikusukuma. Usiku huo huo nilichomeka kadi kwenye televisheni kwa HDMI, picha ikatoka safi kabisa. Sasa haitoi picha hata kwa HDMI.

Narudia tukio lile kwa sababu sijaona dalili kwamba kuna mtu kwenu amelisikia. Kulikuwa na foleni nyuma yangu. Fundi alishika kadi kwa mkono wa kushoto, akaegemeza kiganja cha kulia juu ya adapta, akainua bega kama anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Nilisema "subiri" mara mbili. Ilipolia, alinyamaza kidogo, akawageukia watu wa foleni na kusema kwa sauti: "Watu wananunua vitu wasivyovijua." Yaani mimi! Mimi niliyekuwa nikimweleza tofauti ya matundu. Kisha akanisogezea fomu na kalamu: "Saini hapo." Nilikuwa bado naziangalia zile pini.

Nilipokuja kwenu nilitaka tu kurudishiwa fedha za adapta. Hilo halitoshi tena. Nataka fedha za adapta, na kadi mpya ya aina ile ile badala ya hii. Nataka pia fomu ile ifutwe na iandikwe upya kama ilivyotokea, pamoja na barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si na fundi. Juu ya kaunta yenu kuna kamera. Nataka picha za siku ile zihifadhiwe, na zikipotea nitajua zimepotezwa.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka kadi, adapta, risiti na picha nilizopiga kwa wanaosimamia haki za walaji, na kutoka hapo nitakwenda mahakamani kudai pia siku zote ambazo nimekaa bila kufanya kazi. Msinipigie simu kunibembeleza. Andikeni.

Fomu ile sikuisaini, na sitaisaini.

Wenu,
Mteja mwenye risiti yenu mkononi