Kwa mwanangu Baraka, kuhusu programu yako ya kikoba

Mwanangu Baraka,

Salamu kutoka Kihonda. Baba yako hajambo, mguu unaendelea vizuri, na wadogo zako wako kwenye mitihani ya nusu muhula, kwa hiyo nyumba imetulia kidogo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Unasema mradi wako wa mwaka wa mwisho ni programu ya akili mnemba ya kusaidia vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa: inapewa kumbukumbu za hisa, marejesho na miamala ya simu, inampa kila mwanachama alama, kisha inasema nani akopeshwe na nani asubiri. Halafu ukaniuliza, kama hata hilo inaliweza, binadamu anabaki na nini. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

La akili lisikuumize kichwa. Watu wamekuwa wakiweka hapo mpaka kati ya binadamu na mashine, na mashine inauruka kila mara. Walisema sataranji ni mchezo wa vichwa. Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya IBM, ikamshinda Garry Kasparov aliyekuwa bingwa wa dunia. Wakahamia Go, mchezo wa ubao na kete kutoka Asia, eti huo unataka hisia. Mwaka 2016 AlphaGo ikamfunga Lee Sedol wa Korea Kusini michezo 4 kati ya 5. Sasa zamu ni ya insha. Mimi ninayesahihisha insha za kidato cha tatu nakwambia inaandika vizuri kuliko wengi wao, na kuliko walimu kadhaa, ila hilo libaki kati yetu. Utu ungekuwa ni akili, bibi yako, aliyefariki akiwa hamkumbuki hata mwanawe wa kwanza, angekuwa ameshafutwa kwenye orodha ya watu zamani.

Kikoba chetu wewe unakijua kwa namba nilizokutumia. Kikaoni hujawahi kukaa. Sanduku linaletwa lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na mtunza funguo haruhusiwi kulilaza sanduku kwake. Tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, wachelewaji wanalipa faini huku wakilalamika foleni ya daladala. Ndipo inakuja mikopo. Mwombaji anasimama, anataja kiasi na shughuli, na mwenyekiti anauliza: "Wadhamini wako ni akina nani?" Hapo maongezi yote yanakatika. Wengine wanaanza kutafuta kitu kwenye pochi ambacho hakimo.

Mwaka juzi alisimama mama mmoja muuza dagaa, simtaji, unamjua. Aliomba laki sita. Jirani yake akanyanyuka, akasema, "Mimi nipo." Kuandika hajui, akaweka dole gumba kwenye fomu, wino akaufutia kwenye pindo la khanga. Baadaye mume wa muuza dagaa akalazwa, genge likafungwa, marejesho yakasimama. Programu yako ingempa alama mbaya na ingekuwa sahihi kabisa, kwa sababu hela hakuwa nayo. Jirani akauza kuku wake wa mayai, akalipa. Na usidhani alilipa kwa tabasamu! Alinuna, akatoa maneno kikaoni ambayo katibu alikataa kuyaingiza kwenye muhtasari, na hadi leo salamu yao ni ya mdomo tu. Lakini alilipa, kwa kuwa alishasema yupo, na watu walimsikia.

Mimi utu nauona hapo: mtu anaweza kudaiwa. Anaweza kutoa neno leo, kesho likamgharimu, akalibeba huku amekunja uso. Hiyo mashine yako inaweza kuandika "mimi nipo" kwa lugha tamu kuliko ya yule mama, kwa sababu imesoma maandishi mengi mno na inajua neno gani hufuata neno gani. Lakini haina kuku wa kuuza. Haina jirani wa kumwonea aibu.

Na wenye mashine wanalijua hilo, ndiyo maana wengine wanajaribu kujificha nyuma yake. Kule Kanada, mwaka 2022, mtu mmoja alifiwa na bibi yake. Akaiuliza programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wafiwa, ikamwambia anunue tiketi, nafuu ataiomba baadaye ndani ya siku 90. Alipoomba, shirika likasema utaratibu wao hauko hivyo. Kesi ikafika kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia, na shirika likajitetea kwamba programu ile ni chombo kinachojitegemea, chenye kuwajibika kwa matendo yake. Hebu fikiria! Februari 2024 baraza likaukataa utetezi huo na shirika likaamriwa kulipa. Hata mimi nisiye mwanasheria ningeuliza: hicho chombo kikishindwa kesi, tukakamate nini?

Hapa kwetu umeyaona mwenyewe. Mwalimu mwenzangu alikopa kwenye simu usiku, hela ikaingia kabla chai haijachemka. Alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha ukatumwa kwa mkuu wake wa kazi, kwa mkwe wake, hadi kwa fundi cherehani. Akapiga ile namba aombe muda, ikaita mpaka ikakatika. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nilifurahi, ingawa kausha damu, wale wakopeshaji wa mitaani wenye riba ya kuumiza, nao hawajambo.

Usinielewe kwamba nakisifu kikoba kana kwamba ni peponi. Sisi tumewahi kwenda kwa mtu kubeba makochi na luninga watoto wakiangalia. Tuna chuki zetu, kuna wanaonyimwa mkopo kwa sababu ya ugomvi wa harusi ya zamani, na hapo alama zako zingetusaidia sana, kwani mashine harusini haikuwepo. Ila aliyenyimwa kwa hila anajua aende mlango gani kugombana. Mwaka jana mmoja alikuja kwangu saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa bado na kitenge cha kulalia, na ilibidi nimjibu.

Utasema, na bibi je, siku za mwisho alidaiwa nini? Yeye ndiye aliyekuwa akitudai. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye maandazi yake. Tulipomwosha na kumlisha asijue sisi ni nani, deni lilikuwa palepale, kusahau kwake hakukulifuta.

Kwa hiyo programu sikatai, iandike. Lakini mkopo ukikataliwa, ionyeshe jina la mwanachama aliyeukataa, na huyo asimame kikaoni aeleze kwa mdomo wake. Mimi mweka hazina wa kikoba sitamwambia mtu "mfumo umekataa". Niliambiwa hivyo dirishani na binti mmoja, nikamuuliza huyo mfumo anakaa wapi nimfuate, akacheka. Mimi sikucheka.

Na jambo moja katibu ameliona kabla yangu. Tumetazama zile picha za fomu ulizotuma: kuna sehemu ya umri, namba ya simu, biashara, hadi aina ya simu. Sehemu ya wadhamini hatujaiona. Irekebishe kabla ya likizo, uje uwaonyeshe wanachama mwenyewe. Kikao ni Jumamosi saa nane mchana, na faini ya kuchelewa ni elfu mbili, hata kwa mtoto wa mweka hazina.

Mama yako