Barua kwa mwanangu: chombo cha kigeni katika maji ya koloni

Goma

Mwanangu mpenzi,

Jambo sana. Huku tuko salama, shangazi yako wa Birere anakusalimu. Nimesoma mpango wa kazi yako ya sheria ya kimataifa. Umefanya vema kuchagua ugomvi wa uvuvi kati ya Marekani na Newfoundland, kisiwa kilichokuwa koloni la Uingereza na leo ni sehemu ya Kanada, lakini unaanza na hukumu ya 1910, na ukianzia huko utapotea. Anza na mkataba wa Marekani na Uingereza wa tarehe 20 Oktoba 1818. Karibu yote yaliyofuata ni mabishano juu ya kifungu chake cha kwanza.

Kifungu hicho kinagawa pwani. Kutoka Cape Ray hadi visiwa vya Rameau upande wa kusini, kutoka Cape Ray hadi visiwa vya Quirpon upande wa magharibi na kaskazini, kwenye visiwa vya Magdalen na pwani ya Labrador, Wamarekani walibaki na haki ya kuvua daima pamoja na raia wa Uingereza. Kwingineko waliacha kuvua ndani ya maili tatu za baharini, yaani kilomita tano na nusu hivi. Huko waliruhusiwa kuingia kwa mambo manne tu: kujikinga na dhoruba, kutengeneza kilichoharibika, kununua kuni na kuchukua maji. Chambo hakimo, wala barafu.

Usipite haraka hapo. Skuna, yaani jahazi la milingoti miwili au zaidi, inayovua kwa ndoana mbali baharini ikiishiwa chambo haina kazi tena, na chambo kibichi kiko pwani, mikononi mwa watu wa koloni. Ndiyo maana skuna ya Kimarekani David J. Adams ilikamatwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1886 kwa shutuma ya kununua chambo. Mwaka 1888 ikapatikana njia ya muda: leseni ya dola 1.50 kwa kila tani ya chombo, kwa mwaka. Skuna ya tani 80 ililipa dola 120, ikanunua chambo, barafu na nyavu bila kujificha. Kwangu mimi, leseni ile iliwalinda wavuvi kuliko hotuba nyingi za mabalozi.

Sasa sheria ya Newfoundland ya 1905 juu ya vyombo vya uvuvi vya kigeni. Hii ichambue neno kwa neno. Ofisa wa forodha au polisi aliweza kupanda chombo kilicho bandarini au kinachozungukazunguka ndani ya maili tatu, akakipeleka bandarini, akapekua shehena na kumhoji nahodha kwa kiapo. Akikuta chambo, barafu au vifaa vya kuvulia, kuwepo kwake tu kulihesabiwa kuwa ushahidi kwamba vimenunuliwa pale pale kinyume cha sheria. Mzigo wa kuthibitisha ukahamia kwa nahodha: aonyeshe kwamba barafu ile ilitoka kwao Gloucester, bandari ya wavuvi huko Marekani. Asiye na risiti aliweza kupoteza chombo chenyewe. Ni kweli, sheria hiyo hiyo ilisema haigusi haki za mkataba. Lakini haki ya mkataba inamfaa nini mtu ambaye skuna yake imefungwa gatini huku msimu wa samaki wa heringi ukipita? Uonevu ulikuwa hapo, katika namna ya kuthibitisha, na ningependa uuseme bila kuzunguka.

Hukumu ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, tarehe 7 Septemba 1910, ilisema Uingereza inaweza kupanga siku, majira na aina ya nyavu bila kuomba kibali cha Marekani, mradi kanuni ziwe za haki, zimetungwa kwa nia njema, na hazivunji mkataba. Chombo kilichokimbilia hifadhi hakidaiwi ushuru wa minara ya taa. Kikikaa zaidi ya saa 48 kinaweza kutakiwa kujiandikisha, kama nafasi ya kufanya hivyo ipo.

Kwenye ghuba ndipo manahodha walinaswa. Nahodha alipima maili tatu kutoka mchangani, koloni ikapima kutoka mstari uliokatiza mdomo wa ghuba. Mahakama ilikubali mstari, uchorwe pale ghuba inapoacha kuwa na umbo la ghuba, kisha ikapendekeza upana usiozidi maili 10. Luis Drago wa Argentina, mmoja wa waamuzi, alikataa. Soma maoni yake yote.

Kwa kila kesi, andika kwanza chombo kilikuwa wapi na nani alipima, kisha pwani ile ni ya sehemu gani ya mkataba, kimeingia kwa sababu gani, kimebeba nini na kwa karatasi zipi. Hoja zije baadaye.

Maili tatu usizilete Ziwa Kivu. Mpaka wetu huku na Rwanda, Wabelgiji na Wajerumani waliukubaliana mwaka ule ule wa 1910, na mtumbwi wa kuvua sambaza, wale samaki wadogo, ukivuka mstari umeshaingia nchi nyingine. Hakuna maji ya wote katikati. Mwalimu akitaka ulinganishe, linganisha ushahidi na namna ya kupima.

Sehemu ya 1905 ukiimaliza, nitumie hiyo kwanza.

Baba yako