Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Mafundi

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka, ukarabati wa choo na michango ya misiba mnayajua, nami sitayarudia. Nitaeleza kuhusu kesi yetu dhidi ya kampuni iliyoanza kuzungushia ua kiwanja cha umma tunachofanyia kazi, kwa kuwa ndiyo inayofanya nisengenywe karakanani.

Nalaumiwa kwamba nilimtuma wakili katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuitisha mkutano. Ni kweli sikuitisha. Asubuhi niliyopigiwa simu, vibarua wa kampuni walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo ya nguzo kutoka langoni hadi kwa wachomeleaji, na jiwe la mpaka lilikuwa limeng'olewa na kutupwa mtaroni. Kanuni zetu zinataka notisi ya siku 21. Ua ule usingengoja hata siku tatu.

Kampuni ina barua ya kugawiwa kiwanja hicho. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataja njia za kugawa ardhi ya umma, zikiwemo mnada wa hadhara, zabuni iliyotangazwa na kura ya wazi, na hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuona tangazo lolote. Isitoshe, mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya kampuni ya Torino kwamba barua ya namna hiyo peke yake si hatimiliki, na katika kesi ya kampuni ya Dina, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Mombasa, kwamba hata hatimiliki haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi iligawiwa tangu mwanzo kinyume cha sheria.

Wapo wanaouliza kwa kejeli: na sisi je, si tuna barua tu kama kampuni? Mimi ndiye niliyetangulia kumuuliza wakili swali hilo. Hatudai kumiliki, tunadai utaratibu ufuatwe, nasi tuombe kama wengine. Wanaotaka tupokee vibanda ambavyo kampuni ilituahidi kwa mdomo watuonyeshe ahadi hiyo imeandikwa wapi.

Amri ya mahakama ya kusimamisha ujenzi ingalipo. Hata hivyo, kati ya wanachama 140 waliolipa ada ni 52, na mkutano wa kuelezea kesi ulihudhuriwa na 19, wengi wao wanakamati. Shilingi 85,000 nilizomtangulizia wakili kutoka mfukoni mwangu hazijarudishwa, nami sizitaji ili nisifiwe.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutaiandikia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, inayosimamia ardhi ya umma. Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Matatu itaondoka langoni saa kumi na mbili asubuhi, na kila mmoja atajilipia nauli.

Mwenyekiti