Kabichi ya Uyole

Uyole, Mbeya

Mama Neema mpendwa,

Za Dodoma? Huku ni Juni, makoti hatuvui mpaka saa nne.

Vile vidonge vya unga wa brokoli unavyouziwa ujikinge na saratani, subiri kwanza. Brokoli ni ukoo mmoja na kabichi, figili, sukuma wiki na chainizi, na sokoni Mwanjelwa zimejaa tele.

Ila dawa haikai ndani ya jani ikiwa tayari. Jani limetenga vitu viwili, kemikali iitwayo glukosinoleti na kimeng'enya cha kuivunja kiitwacho mirosinase. Kisu kikipita ndipo vinakutana, na huzaliwa ule ukali unaopanda puani ukitafuna figili mbichi. Wa brokoli unaitwa sulforafeni. Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliutangaza mwaka 1992. Unaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vya kuikamata sumu na kuitoa kabla haijavichokonoa vinasaba.

Sasa kumbuka tulivyofundwa kupika: kata, tumbukiza, funika, chemsha mpaka ilegee. Moto unakiua kimeng'enya hakijafanya lolote! Siku hizi nakata, naiacha kwenye ungo kama dakika 40, kisha naigusisha moto tu. Baba watoto analalamika eti namlisha kama mbuzi. Atazoea.

Kinachonitisha zaidi ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa kitu kinachonata kwenye vinasaba, na saratani ya ini huanzia hapo. Kule Qidong, China, watu walipewa klorofilini, inayotengenezwa kutokana na ukijani wa majani, na alama za madhara hayo kwenye mkojo zikapungua kwa asilimia 55. Najua utaniruka: "Si hivyo navyo vilikuwa vidonge?" Vilikuwa vidonge, lakini vya watafiti, vyenye kipimo kinachojulikana. Chako kinauzwa stendi. Tena walichopima ni alama, si saratani yenyewe.

Mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu huko kwenu, hujausahau. Mahindi yenye ukungu usiyafunike kwa mboga, wala usidhani kuchemsha kutasaidia. Chambua, mwaga, hata kuku usiwape.

Nimekufungia kabichi sita, zinakuja na basi la Ijumaa. Mbili za juu zimechubuka, anza na hizo. Mama shikamoo yake umfikishie.

Wako,
Mama Tuma